Mali Bila Daftari: Jinsi Tunavyopeleka Kazi Yetu Kwenye Seva ya Mbali

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za klabu yetu ya kompyuta, nami nimekubali kwa furaha, ijapokuwa sehemu moja ya habari hizi yanitia haya. Wenzangu wa vidato vya chini huniuliza mara kwa mara, "Mkisha kuiandika programu yenu katika chumba kile, yafikaje huko mnakokuita winguni? Na kwa nini mwaandika maneno kwenye kioo cheusi, badala ya kubonyeza picha kama watu wengine?" Maswali haya ni mazuri, nami nitajaribu kuyajibu yote mawili. Lakini sharti nieleze pia jinsi nilivyokosa, maana kosa langu ndilo lililonifundisha.

Tuanze na neno lenyewe. Wingu la watu wa kompyuta si wingu la mvua. Ni kompyuta za kweli, za chuma na waya, zilizopangwa rafu kwa rafu katika majumba makubwa yenye mashine za kupoza hewa na jenereta za akiba. Mwenye majumba hayo hukodisha kompyuta zake, au sehemu tu ya kompyuta moja, kwa mwezi au hata kwa saa. Wewe uliyekodi huioni kwa macho. Waijua kwa jina lake na kwa majibu inayokupa. Kompyuta ya namna hii, ikaayo macho usiku na mchana kuwahudumia wengine, huitwa seva. Seva yetu iko Ulaya, sisi tuko Uganda, na kati yetu kuna nchi kavu na bahari.

Sisi wa Uganda hatuna pwani. Habari zetu nyingi hutoka hapa kwa nyaya za nchi kavu, zikapita Kenya hata Mombasa, ndipo ziingie baharini. Waya wa chini ya bahari uitwao SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka ule ule ukaja wa TEAMS, utokao Mombasa kwenda Fujairah, na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Kabla ya nyaya hizo nchi zetu zilitegemea setilaiti, bei ilikuwa kubwa na mwendo ulikuwa mdogo. Hata sasa njia hii si ya kuaminiwa kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini, karibu na Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za jirani. Kwa hiyo mtu wa kwetu apelekaye kazi mbali yampasa kujua mambo mawili: kupeleka kidogo, na kupeleka salama.

Kwa nini kidogo? Tufanye hesabu. Baiti moja ni biti 8. Folda yetu ya maktaba, pamoja na picha za majalada ya vitabu, ina megabaiti 300, yaani megabiti 2,400. Ikiwa njia yetu yapeleka megabiti 1 kwa sekunde, tutangoja sekunde 2,400, nazo ni dakika 40. Lakini ikiwa nimebadili ukurasa mmoja tu wa kilobaiti 50, nusu sekunde yatosha na kubaki. Mtu apelekaye mzigo wote kila mara ni kama mtu ahamishaye nyumba nzima kwa sababu amenunua kiti kimoja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Klabu yetu ilikuwa imeandika programu ya maktaba ya shule. Ndani yake mlikuwa na kurasa za kutafuta vitabu, na tena mlikuwa na faili moja dogo la kuandikia nani ameazima kitabu gani na nani amerudisha. Msimamizi wa maktaba aliliandika faili hilo kila siku, moja kwa moja kwenye seva. Wakati ule tulipeleka kazi yetu kwa programu iitwayo rsync. Programu hii ni nzuri sana. Ilitungwa Australia na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ikatolewa mwaka 1996, na akili yake ni hii: kompyuta ya mbali hulikata faili lake la zamani vipande vipande, ikapiga hesabu fupi ya kila kipande, ikatuma hesabu hizo tu. Kompyuta ya kwako huzilinganisha na faili jipya, kisha hupeleka vile vipande ambavyo havikupatikana kule. Mafaili yasiyobadilika haigusi kabisa.

Lakini rsync haina daftari la mambo yaliyopita. Yenyewe hufanya upande wa pili ufanane na upande wa kwanza, basi. Siku moja nilisahihisha ukurasa mmoja katika kompyuta yangu, ambayo ilikuwa na nakala ya folda nzima niliyoichukua wiki tatu kabla. Nikaipeleka folda yote. Rsync iliona kwamba faili langu la maazimo si sawa na la kule, ikaliweka langu juu ya lile. Haikuniuliza lipi ni jipya, wala mimi sikuwa nimeiamuru iuchunge upya. Kwa amri moja kazi ya wiki tatu ya msimamizi ikafutika.

Siku mbili zilipita bila mtu kujua. Kisha walianza kuitwa waliokuwa "hawajarudisha" vitabu. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliambiwa alipe kamusi. Yeye alisema ameirudisha, kompyuta ilisema hakuirudisha, kompyuta ikaaminiwa. Mama yake, ambaye huuza nyanya sokoni, akalipa. Wiki iliyofuata kamusi ikaonekana rafuni, mahali pake kabisa. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza yote, fedha zikarudishwa, nami nikaenda kumwomba radhi yule mtoto. Halafu tulizunguka darasa kwa darasa, siku mbili nzima, tukiandika upya nani ana kitabu gani. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya hapo tuligawa mali yetu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni programu tunayoiandika sisi; hiyo hutoka kwetu kwenda kwenye seva. Fungu la pili ni maandishi ya watumiaji, kama lile faili la maazimo. Hayo huzaliwa kwenye seva, na nakala yake hutoka huko kuja kwetu. Msomaji akilishika jambo hili peke yake, hata akisahau amri zote nitakazozitaja, hatakuwa amesoma bure. Kila kitu kina mwendo wake, na hasara huanza mtu anapokipeleka kinyume.

Kwa fungu la kwanza tunatumia Git. Ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, ambaye anajulikana kwa Linux. Yeye na wenzake walikuwa wakitumia programu nyingine ya kutunza kazi yao, iitwayo BitKeeper, na ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa ikawabidi kutafuta njia yao wenyewe. Julai ya mwaka ule ule alimkabidhi Junio Hamano kazi ya kuitunza.

Git ni daftari. Kila unapomaliza sehemu ya kazi waandikisha, nayo hushika hali ya mafaili yote yaliyomo kwa saa ile, jina lako, saa yenyewe, na maneno mafupi ya kueleza ulichofanya. Kisha hupiga hesabu juu ya hayo yote, pamoja na namba ya maandikisho yaliyotangulia, ikatoa namba mpya yenye tarakimu na herufi 40 kwa kawaida. Kwa kuwa kila namba imezaliwa na ile iliyo kabla yake, huwezi kubadili ukurasa wa nyuma kwa siri. Ukigusa nukta moja, namba zote zinazofuata zitageuka. Tena daftari lote limo katika kompyuta yako mwenyewe. Hata intaneti ikikatika wiki nzima, waweza kuendelea kuandika na kuandikisha, na njia ikifunguka wapeleka yote kwa mara moja.

Na kwa nini maneno badala ya picha? Kwanza, maneno ni mepesi. Amri moja ina herufi chache, na kupeleka picha ya kioo kizima cha kompyuta ya mbali ni mzigo mkubwa kwa njia yetu. Pili, maneno huandikika. Amri niliyoitumia leo naweza kuinakili katika daftari, nikampa mwenzangu, naye akafanya vile vile bila kosa. Huwezi kumwandikia mtu "bonyeza pale nilipobonyeza mimi." Tatu, maneno hukulazimisha kufikiri kabla ya kusema.

Mlango wa kuingilia seva huitwa SSH. Aliyeutunga ni Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Ufini, mwaka 1995, baada ya watu wabaya kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo hicho. SSH huyafumba maneno yote yapitayo njiani. Badala ya neno la siri sisi tunatumia funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Huzaliwa kwa amri hii:

ssh-keygen -t ed25519

Mmoja ni wa siri, hautoki katika kompyuta yako. Wa pili ni wa wazi, nao huwekwa kwenye seva. Wa wazi ni kama kufuli uliyoitundika mlangoni: kila mtu aweza kuiona, lakini mwenye ufunguo ndiye aifunguaye. Usimpe mtu ule wa siri, hata akiwa rafiki yako. Afadhali yeye atengeneze funguo zake, na wa wazi wake uongezwe kwenye seva.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Katika mifano yangu mtumiaji wa seva anaitwa klabu, na seva yenyewe inaitwa seva. Msomaji ataweka majina ya kwake.

Hatua ya kwanza hufanyika mara moja tu. Tunaingia kwenye seva na kujenga ghala la Git:

ssh klabu@seva
git init --bare maktaba.git

Neno lile la mwisho kabla ya jina lataka maelezo. Ghala la kawaida lina sehemu mbili: daftari, na meza ya kazi ambapo mafaili yanaonekana. Ghala la seva tunalitaka liwe na daftari tu, bila meza, ili mtu asije akafanya kazi juu yake na kugongana na yale yanayoletwa. Papo hapo twaongeza amri moja ya kuzuia mkono mzito, isemayo kwamba ghala likatae mtu anayetaka kufuta kurasa za wenzake:

cd maktaba.git
git config receive.denyNonFastForwards true

Hatua ya pili ni kuweka tarishi. Ndani ya ghala mna folda iitwayo hooks. Faili lolote utakaloliweka humo kwa jina la post-receive litaamshwa kila mara kazi mpya inapofika. Letu lina mistari miwili:

#!/bin/sh
git --work-tree=/srv/maktaba --git-dir=/home/klabu/maktaba.git checkout -f main

Maana yake ni hii: kazi ikifika, toa mafaili ya tawi liitwalo main, uyaweke katika folda /srv/maktaba, ambamo programu ya maktaba husomwa na watu. Folda hiyo iwe imekwisha kutengenezwa, na klabu awe na ruhusa ya kuandika ndani yake. Kisha tarishi apewe ruhusa ya kutembea:

chmod +x hooks/post-receive

Ukisahau amri hii, kazi itafika ghalani lakini haitatolewa nje, nawe utashangaa kwa nini kurasa ni zile zile za jana. Sisi tulishangaa mchana mzima.

Hatua ya tatu hufanyika kwetu. Katika folda ya mradi tunaandika faili liitwalo .gitignore, lenye orodha ya vitu ambavyo Git isiviguse kabisa. La kwetu lina mistari hii:

data/
siri.txt

Folda ya data ndiyo yenye faili la maazimo. Faili la siri ndilo lenye maneno ya siri ya programu. Jambo hili lifanyike kabla ya kuandikisha chochote. Neno la siri likiisha kuingia katika daftari, kulifuta kesho hakutoshi, maana ukurasa wa jana bado unalo. Sharti ulibadili neno lenyewe. Na vitu ambavyo havikuandikishwa kamwe katika Git, tarishi wetu wa kule havigusi. Hivyo faili la maazimo hukaa salama mahali pake, hata kurasa zikibadilishwa mara kumi kwa siku. Kisha twaieleza Git seva iko wapi, tukiipa jina fupi la wingu:

git remote add wingu klabu@seva:maktaba.git

Hatua ya nne ndiyo ya kila siku. Kwanza twauliza nini kimebadilika:

git status

Usiiruke amri hii. Ni kama kuhesabu mizigo kabla ya kupanda basi. Ukiona jina la faili usilolikumbuka, simama ujiulize limetoka wapi. Kisha twachagua, twaandikisha, na twapeleka:

git add kurasa/tafuta.html
git commit -m "Nimesahihisha kutafuta kwa jina la mwandishi"
git push wingu main

Maneno ya katikati ya alama za kunukuu yaandikwe kwa uangalifu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiandika "mabadiliko" kila mara, na mwisho wa muhula tulikuwa na kurasa nyingi za daftari zenye neno hilo moja. Maneno mazuri husema ni nini kimefanywa, na ikiwezekana kwa nini.

Huenda ukajibiwa kwamba kazi yako imekataliwa. Usikasirike, wala usitafute njia ya kulazimisha. Maana yake ni kwamba mwenzako amepeleka kazi yake kabla yako, na daftari la kule lina ukurasa ambao wewe huna. Hii ndiyo heshima ambayo rsync haikuweza kunionyesha siku ile. Uvute kwanza kazi yake, uiunge na yako:

git pull --no-rebase wingu main

Kwa kawaida Git huunga yenyewe. Lakini ikiwa ninyi wawili mmegusa mstari ule ule, haitachagua nani ana haki. Itaweka maneno yako na maneno yake katika faili, moja juu na moja chini, yakitengwa kwa alama kama hizi:

<<<<<<<
=======
>>>>>>>

Hapo kompyuta imefika mwisho wa akili yake, na watu sharti wazungumze. Nenda kwa mwenzako, msome pamoja, mpatane, mfute zile alama, kisha mwandikishe tena kwa git add na git commit, ndipo mpeleke. Sisi tuna desturi kwamba mtu asitatue mgongano peke yake usiku.

Hatua ya tano ni kuhakikisha. Kazi kuondoka kwako si ushahidi kwamba imefika. Twaziuliza kompyuta zote mbili namba ya ukurasa wa mwisho:

git rev-parse --short main
ssh klabu@seva git --git-dir=maktaba.git rev-parse --short main

Namba mbili zikifanana, pande zote zina daftari moja. Kisha twaifungua programu yenyewe, tukatafuta kitabu kimoja, maana namba huthibitisha kwamba kazi imefika, lakini hazithibitishi kwamba ni njema.

Na ikiwa si njema? Hapo ndipo daftari linapolipa gharama yake. Tuseme nimepeleka ukurasa wenye kosa, na programu imesimama wakati wanafunzi wako mlangoni. Naandika:

git revert HEAD
git push wingu main

Amri ya kwanza haifuti kosa langu. Huandika ukurasa mpya unaotengua yale ya ukurasa wa mwisho. Programu hurudi kama ilivyokuwa, na kosa hubaki katika daftari ili nilichunguze kwa utulivu.

Limebaki fungu la pili, yaani maandishi ya msimamizi. Kwa hayo rsync bado ni mtumishi mwema, mradi mwendo wake uwe sawa. Kila jioni mmoja wetu huvuta nakala kutoka kwenye seva kuja kwetu, na kila siku ya juma ina folda yake:

rsync -avz klabu@seva:/srv/maktaba/data/ nakala-jumatatu/

Angalia mpangilio: kitokako hutajwa kwanza, kiendako hutajwa pili. Hapo ndipo watu wengi huangamia, maana ukigeuza majina hayo mawili umegeuza mto. Kwa kuwa tuna folda saba, hata faili likiharibika leo nasi tukavuta lililoharibika, lile la jana bado lipo.

Picha za majalada nazo hatuziweki katika Git. Ni nzito, nazo huongezeka tu. Folda ya picha tumeiandika katika .gitignore vile vile, na tunaipeleka kwa rsync. Lakini kwanza twafanya jaribio kwa kuongeza herufi n:

rsync -avzn --delete picha/ klabu@seva:/srv/maktaba/picha/

Herufi n husema, "Niambie utakalofanya, lakini usilifanye." Programu itataja kila faili itakalolipeleka, na kila itakalolifuta italitangulizia neno deleting. Tunaisoma orodha hiyo watu wawili, kwa sauti. Ikiwa ni sawa, twarudia amri ile ile bila n. Na mkwaju ule wa mwisho wa neno picha si pambo. Ukiuweka, wasema "vilivyomo ndani ya folda." Ukiusahau, wasema "folda yenyewe," nawe utakuta picha ndani ya picha kwenye seva.

Laiti ningaliijua herufi hiyo moja siku ile, ningaliliona jina la faili la maazimo katika orodha, na mama wa watu asingalilipia kamusi ya mtoto asiye na kosa. Ndiyo sababu nimesema habari hii yanitia haya. Watu huamini yale yanayosemwa na kompyuta kuliko yale yanayosemwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Kwa hiyo sisi tunaoziandikia kompyuta maneno ya kusema tuna deni kwa kila mtoto wa namna hiyo.

Sasa msimamizi wetu ana desturi mpya. Kompyuta ikisema mtu hajarudisha kitabu, naye mtu akasema amerudisha, yeye huenda kwanza kutazama rafuni, kisha huangalia nakala ya siku zilizopita, ndipo aseme neno. Mimi naona desturi hiyo ni sehemu ya programu yetu, ingawa haikuandikwa katika faili lolote.

Wasomaji wanaotaka kujifunza, njooni chumba cha kompyuta Ijumaa baada ya masomo. Hakuna haja ya kujua chochote kwanza. Leteni daftari na kalamu, maana siku ya kwanza hatugusi seva. Twaandika kila amri kwa mkono, na kando yake twaandika kitokako na kiendako.